Shafii wa Lami

Ukipita Mikindani ukamwona kijana mrefu anatembea katikati ya lami, magari yanampigia honi naye hasogei pembeni kwenye mchanga, usimtukane. Huyo ni mpwa wangu, Shafii. Mimi ndiye mjomba wake, Abdulrahmani, fundi cherehani na mtunga mashairi, na kama jina langu hulijui basi hujaalikwa harusi ya maana tangu uzaliwe. Shule niliachia darasa la sita. Mwalimu alikuwa amebakiza mambo machache, nikaona nimwachie awafundishe wengine.

Madereva wa bajaji ndio waliombandika jina la Shafii wa Lami. Walidhani ni ubabe wa kijeshi, maana kijana ni askari, yuko nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, na sikio lake la kushoto halisikii kitu. Mimi niliona zaidi ya wao. Kutoka barabarani mpaka kibarazani kwangu kuna hatua kama sitini za mchanga. Shafii akifika ukingoni mwa lami husimama. Hungoja. Akitokea muuza maandazi anakuja upande wangu, humwacha atangulie, kisha naye huja nyuma yake akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Siku moja hakutokea mtu, akatokea mbuzi. Akamfuata mbuzi. Mbuzi hakuwa na safari ya kuja kwangu, basi mpwa wangu akaishia uani kwa jirani, amesimama katikati ya sufuria za watu.

"We Shafii!" nikamwita. "Siku hizi kamanda wako ni mbuzi?"

"Mbuzi ana uzito wa kutosha, mjomba," akajibu.

Nikacheka sana. Nilidhani ni mzaha wa kambini.

Na ndani ya nyumba hakai. Atakaa kitini, atahamia kizingitini, atainuka aende dirishani, atarudi kitini na kukigeuza kielekee mlango. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, ikienda kasi inatatarika. Nikianza kushona pindo, yeye yuko nje. Nikinyamaza, anachungulia: "Umemaliza?" Nikimwambia bado, anatoka tena. Wiki ile nilishona suruali moja kwa siku tatu, mimi ambaye kwa siku moja hushona sare za darasa zima.

Nimweleze tangu mwanzo, maana mtu hasomeki kwa nusu.

Shafii ni mtoto wa dada yangu Saida, na kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba yake ana heshima zake, lakini likija jambo, anaulizwa mjomba. Mimi ndiye niliyempeleka jando, kule upande wa Nanyamba kwenye mikorosho ya bibi yake. Kule kumbini alilala mkeka kwa mkeka na mtoto mmoja mdogo mwenye masikio makubwa, jina lake Nuhu, mtoto wa pekee wa Mwasiti. Walitoka jando kama waliozaliwa tumbo moja. Tangu hapo kila msimu wa korosho Shafii alikuwa kwa Mwasiti, akila kwake na kulala kwake.

Mwasiti alikuwa na sheria moja: korosho iliyo chini hairukwi. Uwe unakwenda shule, uwe unakwenda msikitini, uwe unafukuzwa na nyuki, ukiiona korosho chini unainama na kuichukua. "Hiyo ni daftari lenu," aliwaambia, "hiyo ni chumvi yenu, mnaipita mnakwenda wapi?" Vijana wale walikua macho yao yako ardhini kama watu waliopoteza pete.

Na ushairi? Ushairi Shafii aliutoa kwangu, sifichi. Akiwa na miaka kumi alikaa chini ya meza yangu akihesabu mizani kwa vidole huku mimi nakata mikono ya mashati. Nuhu hakujua hata kina ni nini, lakini alikuwa akipiga makofi kila shairi lilipoisha. Kila mtunzi anahitaji mtu wa namna hiyo.

Waliingia jeshini pamoja. Ukafika mwaka ambao kikosi chao kilipelekwa ng'ambo ya Ruvuma, kulinda vijiji ambavyo wenyewe walikwisha kuvikimbia. Mimi sikuwa na wasiwasi. Ukienda kule mto unakomwagia matope yake baharini unaiona ng'ambo kwa macho: mikoko kama yetu, mchanga kama wetu. Nikasema, hivi ni vita vya jirani, kijana atarudi kufuturu nyumbani.

Nikakaa nikingoja mashairi. Nilijua vizuri shairi la vita linavyotakiwa kuwa: simba wawili watatu, radi, adui wanakimbia, bendera mwisho. Nilikwisha kuwaahidi wazee wa barazani. Siku mtandao uliposhika huko aliko, simu yangu ikalia, na hiki ndicho alichonitumia:

Kiatu kimenishika, mguu umevimbia,
Nikivuta chabanduka, na ngozi yafuatia,
Wiki ya tatu yafika, matope tunalalia,
Mama ukinikumbuka, niombee nyayo zangu.

Nikasoma mara mbili. Nikamwandikia: "Kijana, hili ni shairi la fundi viatu. Vita viko wapi?"

Akajibu: "Ndivyo hivyo, mjomba."

Mengine yakafuata. Moja lilihusu lori lililokwama siku nne, na watu kumi na wanane wanalitazama. Jingine lilihusu kikombe kimoja cha chai kilichozungushwa kwa watu saba, wa saba akapata harufu. Jingine lilihusu askari mtu mzima, mwenye ndevu, anayelia usingizini akimwita mbuzi wake kwa jina. Hakuna simba. Hakuna radi. Adui mwenyewe haonekani. Anayeonekana ni mbu, na kuvu ya miguuni, na kungoja. Sikumwonyesha mtu. Wazee wa barazani walipouliza niliwaambia kwamba mpwa wangu anatunga mambo makubwa ila ni siri za jeshi. Wakanyamaza kwa heshima. Nilijisikia vizuri kwa kama siku mbili.

Mwezi wa kumi, korosho zikiwa zinaanguka, Nuhu akarudi ndani ya sanduku.

Maafisa waliomleta walikuwa watu wa adabu. Walisema amefariki akitekeleza wajibu wake, wakaomba sanduku lisifunguliwe, wakapiga risasi za heshima, wakampa Mwasiti bendera iliyokunjwa. Tukamzika nyuma ya nyumba, katikati ya mikorosho. Mwasiti hakulia. Alilitazama lile sanduku kama mtu anayetazama mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake.

Na hapo maneno yakaanza. Unazijua pwani zetu. Mtu mmoja akasema sanduku lilikuwa jepesi. Wa pili akasema kama sanduku halifunguliwi, basi ndani kuna gogo la mgomba, na mwenye mwili kachukuliwa yuko mahali anafanyishwa kazi. Mwasiti hakuhitaji wa tatu. Mwanawe yu hai. Kuanzia siku hiyo kila gari lililotoka Mtwara likasimama kituoni, yeye aliacha alichoshika akaenda kutazama nyuso. Chakula alipakua sahani mbili, moja akaifunika kawa. Na jambo lililotutisha kuliko yote: korosho zake zilibaki chini. Mwasiti yule! Shamba zima limetapakaa, hainami. Ana kazi ya kutazama barabara.

Zikakaribia siku arobaini. Ndugu zake wakamwambia waandae hitma. Akawajibu:

"Aliye hai hasomewi. Mkipika pilau yenu mle wenyewe."

Wakambembeleza. Mwisho akasema neno moja, nalo likaletwa kwangu Mikindani: "Mtoto wa Saida alikuwa naye kule. Aje. Aniambie kwa kinywa chake jinsi ilivyokuwa. Nikiamini, someni. Nisipoamini, mtu asinitajie tena hitma mpaka Nuhu arudi."

Sasa unaelewa Shafii alikuwa anazunguka nini ndani ya nyumba yangu. Alikuwa na siku nane.

"Si umwambie tu?" nikamuuliza. "Kinywa unacho, wali wangu unakula nacho."

"Kusema siwezi, mjomba. Nikianza, ulimi unakauka, naanza kuhesabu." Akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. "Nimeandika."

Akanitolea daftari, lile kubwa la jalada gumu, limevimba kwa maji, kurasa zimegandana. Nikavaa miwani. Lilikuwa shairi refu la Nuhu: Nuhu na viatu vyake, Nuhu na kuhara kwake, Nuhu anayewachekesha wenzake kwa kuiga jogoo. Nikafika ubeti wa kumi na nne.

Nikasimama. Nikakaa. Safari hii nisiyetulia nilikuwa mimi.

"Huu hausomwi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Shafii, askari afe anafanya hivi? Watu watacheka mpaka wamwage pilau. Na mama yake? Umesahau nani aliyemfundisha?"

"Sijasahau hata siku moja."

"Basi weka kitu kingine. Mwache akimbilie adui. Weka simba."

"Mjomba, kule sikuona simba. Niliona mbwa mmoja, amekonda." Akakigeuza tena kiti. "Hao wanaotunga simba, vita huwa wanavitazamia wapi?"

"Barazani," nikasema, kabla sijajizuia.

"Haya."

Nikakasirika, maana kushindwa na mtoto uliyemfundisha mizani si jambo jepesi. Lakini alikuja na ombi. Sauti yake, alisema, haifiki hata mwisho wa ubeti mmoja; niende naye, na kama mjomba nimsomee mimi. "Ila usiguse, mjomba. Hata silabi." Nikaapa kwa mkasi wangu.

Na mimi nikiletewa kitambaa siwezi kukirudisha bila kukitia mkasi, ndiyo kazi niliyoizoea miaka thelathini na moja. Asubuhi ya safari, yeye bado anaoga, nililifungua daftari nikanakili kwenye karatasi safi. Viatu nikavitoa. Kuhara nikakutoa kwa mikono miwili. Nikafika ubeti wa kumi na nne, nikauruka kama mtu anayeruka dimbwi, nikaandika wangu. Sikufanya kwa ubaya. Nilimwona Mwasiti machoni pangu, nikasema, huyu mama apewe kitu cha kuvaa mbele za watu.

Tulipata pikapu mpaka kule. Dereva alimwambia Shafii akae mbele. Akakataa, akasimama nyuma, ameshika chuma, macho yake pembeni mwa barabara njia nzima kama anayehesabu magugu. Tulipofika, uani palikuwa pamefagiliwa na pamejaa nyayo za watu. Akashuka hapo. Upande wenye kaburi, kwenye mikorosho, hakugeuza hata shingo.

Wanaume tulikaa mikekani nje, wanawake barazani na ndani. Mwasiti aliketi mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu wa safari, uso kuelekea barabarani. Nikamwamkia. Akaitikia bila kunitazama: "Umekuja, baba wa mashairi? Haya, tusikie."

Nikasimama. Sauti yangu unaijua, kama huijui waulize wanaoijua. Nikaimwaga. Beti za mwanzo zikapita, wazee wakitikisa vichwa. Nikafika ule wangu:

Nuhu simba wa mapori, adui walikimbia,
Alisonga kwa fahari, risasi kazipitia,
Moyo wake wa johari, kifo alikirukia,
Mwasiti mama wa kheri, shujaa metuzalia!

Nikanyamaza kidogo, kuwapa nafasi ya kuguswa.

"Simba wa wapi, Abdulrahmani?" ikatoka sauti barazani.

Alikuwa Rukia. Rukia ni mtani wa nyumba ile, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, hata marehemu mwenyewe hawezi kumkataza. Akasimama na upawa wake mkononi.

"Nauliza, simba wa wapi? Nuhu huyuhuyu aliyepanda mkorosho akimkimbia jogoo wangu? Alikaa juu toka adhuhuri mpaka nikaitwa mimi nije kumshika jogoo! Leo amepita katikati ya risasi? Kashone suruali, mwanamume, utatuulia mtu mara ya pili!"

Watu wakacheka. Kicheko cha msibani hakina breki. Hata shehe alijificha nyuma ya msahafu. Nami nikataka kumjibu, ninayo majibu ya kumtosha Rukia na ukoo wake, ila nikamwona Mwasiti. Alikuwa amesimama. Alikuwa anatabasamu, na tangu mwezi wa kumi hakuna aliyeliona tabasamu lile.

"Rukia kasema kweli," akasema. "Mnasikia wote? Huyo aliyekufa kule ni mwingine. Mwanangu hajarukia kifo, mwanangu anaogopa jogoo. Nilisema mimi. Wamezika mtoto wa watu." Akaanza kukaza kanga. "Gari la saa saba linakaribia. Niacheni niende."

Ndipo nilipoona nilichofanya. Nilimshonea mtu nguo nzuri, lakini kwa vipimo vya mtu mwingine, na mama yake akatazama akasema huyu si wangu. Alikuwa na haki. Angetoka pale siku ile, angeendelea kwenda kituoni mpaka aingie kaburini mwenyewe.

"Mama," akasema Shafii.

Sikumwona alivyoinuka. Alikuwa kando yangu, daftari lake mkononi. Karatasi yangu aliichukua kutoka vidoleni mwangu, akaikunja, akanirudishia taratibu. Hakunitazama. Heri angenizaba kofi.

"Mama, usiende kwanza. Mjomba kasoma yake. Mimi ninayo ya Nuhu."

"Sema haraka, gari linakuja."

Akaanza na viatu. Ule ubeti wa fundi viatu, nilioucheka. Sauti ilikuwa ndogo, inakatika, anameza mate katikati ya mstari. Mtu wa nyuma akasema "Paza!" na Rukia akamfyonya. Akasoma kuhara, akasoma chai ya watu saba. Hakuna aliyecheka. Aliposoma namna Nuhu alivyoiga jogoo siku ya lori, nikamsikia Mwasiti anaguna, kama mtu aliyepitiwa na harufu anayoijua. Alikuwa bado amesimama, mguu mmoja nje ya kizingiti. Honi ya gari ikalia kituoni. Hakugeuka.

Shafii akafunua ukurasa. Ubeti wa kumi na nne.

Korosho zimedondoka, shamba halina mwenyewe,
Akasema kwa haraka, "Acheni ziokolewe!"
Kumi na moja kaweka, mfukoni kama mawe,
Mama ukinikumbuka, niombee nyayo zangu.

Hapo sauti ikamwishia. Akafunga daftari, akasema kwa maneno ya kawaida, yale aliyosema hawezi kuyasema:

"Lilikuwa shamba la watu waliokimbia, mama. Tuliambiwa tusitoke njiani. Tulikuwa tunapita kwa mstari. Zilikuwa zimejaa chini. Akaniambia, Shafii, hizi zinaoza, mama angetuua. Akatoka hatua nne. Tano. Chini palikuwa pamefukiwa bomu."

Sufuria ya pilau ilikuwa inachemka, ndicho kitu pekee kilichosikika.

Mwasiti akashuka barazani, akapita mikekani katikati ya wanaume, mpaka mbele yake.

"Ngapi, ulisema?"

"Kumi na moja. Nilizitoa mfukoni mwake."

Shafii akaingiza mkono mfukoni, akatoa soksi ya kijeshi iliyofungwa fundo. Siku zote zile nyumbani kwangu alikuwa nayo, na mimi nikidhani anachezea funguo. Mwasiti akafungua fundo kwa meno. Akazimimina kiganjani, akazigeuza moja moja, kama anavyozigeuza kila mwaka akichagua daraja la kwanza na la pili.

"Hizi hazikupigwa dawa," akasema polepole. "Ona madoa. Mikorosho ya mtu aliyekimbia." Akaendelea kuzigeuza. "Na hazikuanikwa." Kisha: "Ni yeye. Hakuna askari mwingine duniani wa kufanya upumbavu huu. Ni Nuhu wangu."

Akaanguka, Rukia akamdaka. Alilia kilio chote cha siku arobaini, na wanawake wakamlilia pamoja. Alipopata pumzi akasema jambo lile lile nililoliogopa mimi:

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mtu mwenye shairi la kila shughuli, mimi, nilitafuta mstari mmoja wa kumpa.

"Na mimi ulinifundisha," Shafii akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Kulikuwa na moja njiani, miguuni pangu, mbele ya kiatu. Nilikuwa nimeinama naichukua. Vyuma vikapita juu. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amesimama wima." Akashika sikio lake. "Sijui kama inakusaidia, mama. Mimi hainisaidii. Ila ndivyo ilivyokuwa."

Mwasiti akamtazama sana. Halafu akageukia mikekani.

"Shehe, mnangoja nini? Someni."

Wakasoma. Tukala. Mimi pilau niliiacha nusu sahani, na hapo ujue kulikuwa na jambo. Baada ya kula Mwasiti akaja akasimama mbele ya Shafii.

"Umeshaliona kaburi?"

"Bado."

"Twende."

Akafika naye mpaka mwisho wa ua uliofagiliwa, na hapo mpwa wangu akasimama. Mbele yao palikuwa na majani makavu na mabibo yaliyooza, na korosho, korosho tupu, mwezi mzima wa korosho, ardhi haionekani. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Naapa alikuwa anatafuta mbuzi.

Mwasiti akakunja kanga kuwa mfuko, akaingia. Akainama, akaokota. Akasogea hatua, akainama, akaokota, na pale alipookota pakabaki wazi, udongo mwekundu, ukubwa wa unyayo.

"Kanyaga nilipokanyaga mimi," akasema bila kugeuka.

Shafii akaweka mguu. Akangoja. Akaweka wa pili. Nami nikafuata nyuma yake, viatu vyangu namba arobaini na nne, najibana kwenye nyayo za mwanamke.

"Mjomba," akaniambia, "usitoke nje ya mstari."

Sikutania. Ilituchukua muda mrefu kufika, hatua ambazo mtoto angezikimbia kwa pumzi moja. Mara nyingi alisimama, na yule mama mbele naye akasimama, akaendelea kuokota za karibu mpaka aliposikia mguu unasogea tena.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Usidhani amepona. Bado anatembea katikati ya lami, bado wanampigia honi, na kiti changu kimechakaa miguu kwa kugeuzwa. Ila mbuzi nimenunua. Ni wangu sasa, nimemzoesha: asubuhi anafuata pumba kutoka barabarani mpaka kibarazani, na askari wake nyuma. Majirani wanacheka, nami nacheka nao, halafu namwaga pumba nyingine.

Daftari lake nimelinakili lote, viatu na kuhara na kila kitu, sikugusa hata silabi. Wazee wa barazani nimewasomea. Mmoja aliuliza simba wako wapi. Nikamwambia kaa kimya, usikilize miguu.

Likizo yake inaisha mwezi huu, kisha ataitwa kikosini, wampime, waamue. Wanaweza kumrudisha, wanaweza kumwacha. Mimi ndiye nisiyekaa: simu ikilia naacha cherehani, honi ikilia naenda ukingoni mwa lami kutazama, narudi, nakigeuza kiti. Jana nilimkuta ananitazama kutoka mlangoni.

"Mjomba," akasema, "umemaliza ile suruali?"

"Bado," nikasema, nikatoka tena nje.